Usiandike hiyo barua: jibu kwa dada aliyepunguzwa kazi na kuombwa "aache kwa hiari"

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 31. Nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam. Kampuni iliniajiri nikiwa Mwanza kwa mkataba wa kudumu, mwaka wa pili ikanihamishia huku. Nimefanya kazi miaka minne na miezi mitatu. Mshahara wa msingi ni 520,000 na posho 80,000. Likizo za miaka iliyopita zote nilikwenda. Siku 16 zilizopita tuliitwa watu 23, tukagawiwa barua za kupunguzwa kazi kuanzia siku hiyohiyo. Sasa afisa utumishi ananiambia nikirudisha ile barua na kuandika yangu ya kuacha kazi, Ijumaa nachukua 900,000 taslimu, la sivyo nitazungushwa. Wenzangu saba wameshachukua. Nina mkopo wa benki, rejesho ni 140,000 kila mwezi. Nilikuwa nataka nikajitoe NSSF, nichukue michango yangu yote nifungue duka la nafaka. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naanza na Ijumaa kwa kuwa ndiyo inayokunyemelea. Usiandike hiyo barua, na waliyokupa usiirudishe. Ipige picha sasa hivi, umtumie mtu unayemwamini, kisha yenyewe iweke nyumbani, usiende nayo kiwandani. Nimeshaona barua "ikiazimwa" dakika tano isahihishwe tarehe, na mwenye nayo hakuiona tena.

Kati ya kuacha na kuachishwa kuna herufi nne tu, lakini karibu kila shilingi unayoidai sasa imening'inia hapo. Aliyeachishwa ana madai kwa mwajiri na ana fao, yaani malipo ya mwanachama, kwa Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Aliyeacha kwa hiari yake hana hilo fao, na madai yake kwa mwajiri yanabaki mifupa. Afisa utumishi wako analijua hilo. Hizo 900,000 anazinunulia herufi nne.

Tuanze na NSSF, maana ndiko ulikoweka matumaini, na ndiko watu wengi bado wanakwenda na habari za zamani. Fao la kujitoa, lile la kukaa miezi kadhaa bila kazi kisha ukachukua michango yote mkononi, lina historia ndefu ya ugomvi. Lilipofutwa mwaka 2012 kelele zilikuwa kubwa, hasa migodini, na Serikali ikarudi nyuma. Likaja kuondoka kwa sheria ya mwaka 2018, ileile iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF, ikaunda PSSSF kwa watumishi wa umma na kuiachia NSSF sekta binafsi. Ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2018. Kwa hiyo mjomba anayekuambia "mimi nilichukua changu chote mwaka 2015" hakudanganyi. Anakusimulia nchi iliyokuwa na sheria nyingine.

Mahali pake liliwekwa fao la kukosa ajira, wengine huliita fao la upotevu wa ajira. Sharti la kwanza ni uwe raia wa Tanzania. Uwe umechangia si chini ya miezi 18, uwe hujafikisha miaka 55, uwe hujapata ajira nyingine, na kazi iwe imekutoka bila wewe kuiacha kwa hiari. Wewe umechangia miezi 51, umri wako unaruhusu, na una barua ya kupunguzwa. Sharti pekee unaloweza kuliharibu kwa mkono wako mwenyewe ni hilo la mwisho. Siku ukikaa mbele ya dawati la NSSF, ofisa hatakuuliza yaliyosemwa ukumbini. Atasoma barua. Ikiwa inasema "naomba kuacha kazi", hana pa kukusaidia hata akikuonea huruma.

Malipo yenyewe ni asilimia 33.3 ya mshahara, kila mwezi, kwa miezi sita. Kwa 600,000 ni 199,800 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni 1,198,800. Si fedha ya kujengea. Ni kodi ya chumba, unga na nauli ya kuzungukia kazi, nayo inakatika ukipata ajira. Wasiofikisha miezi 18 wana hesabu nyingine ya mkupuo, hiyo haikuhusu.

Na michango yako yote je? Ikiwa imepelekwa sawasawa, asilimia 20 ya 600,000 ni 120,000 kwa mwezi, mara miezi 51 ni 6,120,000. Najua kiasi hicho kinavyoonekana mtu anapotafuta mtaji wa duka la nafaka. Lakini hutapewa kwa mkupuo kwa sababu tu umekosa kazi. Ukikaa miezi 18 bila kupata ajira, sheria inakuruhusu kuomba michango ihamishiwe kwenye skimu ya hiari. Ukipata kazi kabla ya hapo, unaendelea palepale ulipoishia, na ile miezi 51 inahesabiwa kuelekea miezi 180 inayotakiwa kwa pensheni. Kuna vijana huwaambia watu wana "njia ya ndani" ya kujitoa kwa ada kidogo. Njia hiyo inaishia mfukoni mwao. Duka la nafaka si wazo baya, ila usilijenge juu ya fedha hii.

Kabla hujajaza fomu yoyote, itazame taarifa ya michango yako, mwezi kwa mwezi, kwenye akaunti yako ya mwanachama mtandaoni au kaunta. Ukikuta 104,000 badala ya 120,000, ujue kampuni imechangia mshahara wa msingi pekee na posho imeiacha, na fao lako linaweza kushuka hadi 173,160. Ukikuta miezi mitupu, hapo pana kosa kubwa zaidi: wamekukata mshahara na hawakupeleka. Mwajiri anatakiwa awasilishe mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi unaohusika kuisha. Muone afisa matekelezo wa NSSF ukiwa na slipu zako za mshahara zinazoonyesha makato. Kazi yake ni kumfuata mwajiri, na hufanya vizuri zaidi akiwa na karatasi mkononi kuliko akiwa na malalamiko. Nenda wiki hii, maana kuziba pengo la michango huchukua muda mrefu kuliko kulipwa fao lenyewe. Ukienda chukua barua ya kuachishwa, kitambulisho cha NIDA, mkataba, na taarifa za akaunti ya benki iliyo kwa jina lako lilelile la NIDA. Tofauti ya herufi moja kwenye jina imewarudisha wengi nyumbani, ihakikishe kabla hujapanda daladala.

Sasa mwajiri. Hapa ndipo utaona 900,000 ni bei ya kutupa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akulipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Siku moja ya mshahara wako, kwa wiki ya siku sita, ni 520,000 kugawanya kwa 26, yaani 20,000. Siku saba ni 140,000, mara miaka minne ni 560,000. Ile miezi mitatu ya juu haihesabiki, kwa kuwa sheria inataka mwaka mzima. Wanaokosa kiinua mgongo ni pamoja na waliofukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, na wale ambao katika kupunguzwa walipewa kazi nyingine ya kufaa wakaikataa bila sababu ya msingi. Kwa maelezo yako wewe si mmoja wao.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Ninyi barua zilianza kazi siku ileile, maana yake notisi inageuka fedha: ujira ambao ungeupata kama ungefanya kazi kipindi hicho. Sheria imetumia neno ujira, haikusema mshahara wa msingi, kwa hiyo posho nayo inadaiwa. Makampuni mengi hulipa mwezi mzima, tuseme 600,000. Likizo uliyoivuna mwaka huu wa tano inahesabiwa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Miezi mitatu ni kama siku 78 za kazi, basi ni siku sita, 120,000. Ongeza mshahara wa siku ulizofanya kazi mwezi huo wa mwisho kama bado hawajakulipa.

Bila kugusa hizo siku za mwisho, umefika 1,280,000. Halafu kuna Mwanza, na hili watu hulisahau kabisa. Ukiachishwa mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri anapaswa kukurudisha wewe na mizigo yako pale ulipoajiriwa, au akulipe gharama hiyo, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku anazokuchelewesha. Haijalishi kama una mpango wa kubaki Dar. Tafuta barua yako ya kwanza ya ajira, ile iliyoandikwa Mwanza, na barua ya uhamisho. Kwa wahasibu wa viwanda hizo barua mbili huwa chungu kuliko zote.

Weka kando gharama za Mwanza. Mwajiri 1,280,000, NSSF 1,198,800, jumla 2,478,800. Wanataka uziache kwa 900,000. Unapoteza 1,578,800, na bado watakuwa na barua yenye sahihi yako inayosema ulitaka mwenyewe.

Mbona wanahangaika hivyo? Sidhani ni hesabu hiyo peke yake. Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio mapema, aweke wazi taarifa zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa hapo, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama. Wanazungumza sababu za kupunguza, namna ya kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya nani abaki na nani aondoke, lini, na malipo. Ninyi mmeitwa ukumbini mkapewa barua. Kama hakukuwa na kikao chochote kabla, kampuni ina tatizo, na barua 23 za kuacha kazi zingelifuta: hakuna aliyepunguzwa, wote wameamua kuondoka wiki moja. Ajabu kweli.

Hilo ndilo linalokupeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapa saa inakimbia. Mgogoro wa uhalali wa kuachishwa unapelekwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama kudai malipo ambayo hayajatolewa, ni siku 60. Umesema siku 16 zimepita, kwa hiyo za uhalali zimebaki 14, na mtu wa utumishi anayekuambia "subiri tukuite wiki ijayo" anazila hizo. Utajaza fomu namba moja ya CMA, nakala moja umpelekee mwajiri na apokee kwa sahihi au mhuri, kisha uiwasilishe Tume ikiwa na uthibitisho kwamba amepokea. Akikataa kupokea, usirudi nyumbani, nenda ukawaeleze Tume namna ilivyokuwa. Huduma haina ada, na wakili si lazima. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, mnakaa meza moja na msuluhishi. Madai mengi ya aina yako huishia hapo, kwa sababu mwajiri akiona mtu amekuja na karatasi zake zimepangwa, hupata ghafla uwezo wa kulipa. Siku 30 zikipita unaweza kuomba kuongezewa muda, ila itabidi ueleze kwa nini ulichelewa, na "nilikuwa nasubiri simu ya ofisini" haijawahi kuwa sababu tamu.

CMA ni ugomvi wako na mwajiri, NSSF ni haki yako kwa Mfuko. Usiache moja ukingoja nyingine.

Dai pia cheti cha utumishi. Ni haki kisheria, si hisani, na utakihitaji kwa mwajiri ajaye.

Kuhusu benki: nenda kabla rejesho la kwanza halijapita, nenda na barua. Mkopo wa mshahara umesimama juu ya mshahara, na mfumo wao utaona akaunti imekauka mwisho wa mwezi. Ukiwahi, unaomba marejesho yapunguzwe na muda uongezwe. Ukichelewa, unazungumza ukiwa umeshaandikwa mdaiwa sugu. Uliza pia habari za bima ya mkopo, maana huenda uliilipia siku unasaini hata kama hukumbuki. Nyingi zinagusa kifo na ulemavu tu, baadhi zinagusa kupunguzwa kazi. Inayogusa kupunguzwa haiwezi kumlipia mtu aliyeacha mwenyewe, kwa hiyo herufi nne zimekufuata hadi benki.

Usizibe rejesho la benki kwa mkopo wa kausha damu, wala kwa hizi programu za kwenye simu zinazotaka kusoma majina yote ya watu wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mtu aliyekosa kazi ndiye chakula chao. Kama uko kwenye kikoba, sema ukweli kikaoni mapema. Akina mama wa kikoba wamesikia mabaya kuliko kupunguzwa kazi.

Msaada mwingine wa Serikali nautaja kwa kifupi, usije ukapoteza siku kuufuata. TASAF ni kwa kaya maskini zinazotambuliwa na jamii yenyewe, si mfuko wa aliyepoteza kazi mwezi uliopita. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 ikarejea 2024, haina riba, na wewe unaingia kwa mlango wa wanawake. Lakini inapitia vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi hakiundwi Jumatatu kikapewa fedha Ijumaa. Kwa duka lako la nafaka, hapo ndipo pa kuanzia polepole na wenzako mnaoaminiana, anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Niliyosema yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, na sheria yake ya ajira, asiyeko huku asiyachukue mazimamazima.

Sasa Ijumaa ikifika na ukaitwa, usigombane naye, na usimwambie ulikosoma haya. Mwambie hivi: "Naomba hilo pendekezo kwa maandishi, na mchanganuo wa malipo yangu ya mwisho." Mara nyingi maneno hayo yanatosha kumaliza mazungumzo, kwa kuwa hawezi kuandika alichokuwa anakuambia kwa mdomo. Wakikupa karatasi yenye mchanganuo wa haki na ikataja kwamba umepunguzwa kazi, unaweza kuipokea. Ila isome hadi mwisho, maana sentensi ya "sina madai mengine yoyote" hupenda kujificha juu ya mahali pa sahihi. Kama unasaini kupokea tu, andika kwa mkono wako kwamba umepokea fedha kiasi hicho, na madai mengine unayo.

Na wale saba? Hawajafa maji, ingawa wamejiweka pabaya. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kusukumwa hadi aandike kuacha, na hilo likahesabiwa kuwa ameachishwa na mwajiri, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa mgongoni mwao. Waulize kama kuna aliyebaki na picha ya barua ya kwanza kwenye simu yake. Waulize kama kuna aliyetumiwa ujumbe wa kuitwa, na fedha waliipokea kwa njia gani, benki, simu au bahasha. Barua 23 za tarehe moja zikifuatiwa na barua saba za kuacha kazi zenye maneno yaleyale, msuluhishi ataziangalia mara mbili. Siku zao 30 nazo wazihesabu tangu siku ile ya ukumbini wasije wakachelewa, kwa hiyo nao wana hizohizo 14.